Jumapili Saa Nane, Gitaa Linaita Kabati

Sheria ya kudhibiti vileo nchini Kenya inataja wazi saa ambazo baa ya kawaida inaruhusiwa kuuza pombe. Jumatatu hadi Ijumaa ni kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku. Jumamosi, Jumapili na sikukuu za kitaifa mlango unafunguliwa saa nane mchana na kufungwa saa ile ile ya tano. Sheria hiyo ilipitishwa mwaka 2010, na hadi leo wanywaji wanaiita sheria ya Mututho, kwa jina la John Mututho, aliyekuwa mbunge wa Naivasha na mtetezi wake mkubwa. Kila mwenye baa anaijua, maana imemgharimu. Walioisoma kwa jicho la mpiga gitaa ni wachache.

Aisomaye hivyo anaona jambo moja upesi. Usiku wa Ijumaa una saa sita za biashara. Jumapili ina saa tisa. Bendi inayopanda jukwaani saa tatu usiku, kama walivyozoea wengi, inabaki na saa mbili tu kabla ya polisi kubisha hodi. Nusu saa huishia kwenye kupima maiki na kutafuta waya uliokatika. Nusu nyingine watu wanaangaliana, kila mmoja akingoja mwenzake aanze kucheza. Uwanja unapopata moto, mhudumu anaanza kukusanya chupa. Halafu mwenye baa analalamika kwamba muziki wa bendi haulipi.

Mazungumzo ya leo yanahusu muziki wa bendi wa kila wiki katika mji mdogo, na mji wenyewe ni Kabati, Kitui Magharibi. Anayetoka Kitui mjini akielekea Migwani kwa ile barabara ndefu inayoanzia Kibwezi na kupitia Mutomo, lazima apite Kabati. Ni soko la watu wa Mutonguni, Kauwi na Matinyani: maduka, vibanda vya simu, bodaboda chini ya kivuli, magunia ya ndengu msimu ukiwa mzuri, na baa. Ni mahali ambapo mtu hawezi kujificha. Anayecheza vibaya Jumapili atasikia habari zake Jumatatu kwenye foleni ya posho.

Mji wa namna hii hauna ukumbi wa tamasha, na hauuhitaji. Unachohitaji ni siku moja kwa wiki, saa ile ile, bendi ile ile au mbili zinazopokezana, na mwenye baa anayeihesabu bendi pamoja na gharama zake za kawaida, kama kodi na stima. Wengi wanaojaribu hushindwa hapo mwisho. Wanaipa bendi kilichobaki baada ya kila mtu kulipwa, na kilichobaki huwa kidogo.

Lakini kwanza muziki wenyewe, maana wapo wanaodhani bendi ya baa ni burudani ya pembeni tu.

Gitaa liliingia Ukambani kwa njia nyingi, na mojawapo ni jeshi. Wakamba waliandikishwa kwa wingi katika King's African Rifles, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia askari waliorejea walikuja na masikio mapya, na baadhi yao na magitaa na kodiani. Mtindo wenyewe, benga, ulitoka kwa Wajaluo, kando ya Ziwa Victoria, ambako vidole vilivyozoea kucharaza nyuzi za nyatiti vilihamia kwenye gitaa. Jina linalotajwa kwanza hapo ni Daniel Owino Misiani wa Shirati Jazz, aliyezaliwa upande wa Tanzania mwaka 1940 na kufariki katika ajali ya barabarani mwaka 2006. Kufikia miaka ya 1970 benga ilikuwa imevuka nchi nzima, na Wakamba waliipokea wakaifanya yao. Gitaa la solo likawa jembamba na kali, likizunguka sauti ya mwimbaji bila kumwacha apumue. Ngoma ya besi ikadunda sawasawa mwanzo hadi mwisho. Waimbaji wakapanda pamoja kwa sauti za juu, na mwendo ukaongezeka kasi.

Aliyeufikisha muziki huo mbali zaidi ni Kakai Kilonzo, aliyezaliwa mwaka 1954, kiongozi wa Kilimambogo Brothers. Aliimba Kikamba, akaimba na Kiswahili, na kwa Kiswahili hicho nyimbo kama "Mama Sofi" zikapigwa kwenye matatu za Kisumu na baa za Mombasa, kwa watu ambao hawajui Mkamba anasemaje "habari". Alifariki mwaka 1987, akiwa bado kijana. Pamoja naye walikuwapo Peter Mwambi na Kyanganga Boys, Onesmus Musyoki na Kalambya Boys, Ngoleni Brothers, Lower Mbooni Boys. Tazama majina hayo vizuri. Mbooni ni milima ya Makueni; Kilimambogo ni mlima na makazi yaliyouzunguka. Kijana aliyekwenda River Road, Nairobi, kurekodi santuri alibeba jina la kwao kwenye lebo, na kila iliposikika, kijiji kizima kilitajwa redioni bila kulipia tangazo.

Kina dada nao hawakukaa nyuma. Kalambya Sisters, waliokuwa sehemu ya kundi hilo la Kalambya, walitikisa nchi mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa "Katelina", hadithi ya kuchekesha ya msichana anayependa pombe ya kienyeji na anayepata mimba kila mwaka. Sauti zao ndogo, nyembamba, kama za watoto wanaotaniana, ndizo zilizofanya wimbo wa mambo ya baa uimbwe hata na watu ambao hawajawahi kukanyaga baa. Leo katika jukwaa la baa ya kawaida Ukambani ni nadra kumwona mwanamke ameshika maiki, isipokuwa kama mcheza shoo. Hilo ni pengo ambalo mwenye baa mwerevu angeweza kulitumia.

Kuna jambo kuhusu santuri zile ambalo linahusu moja kwa moja muziki wa kila wiki. Santuri ndogo ya wakati ule ilikuwa na pande mbili, kila upande dakika chache tu. Wimbo wa benga ulikatwa katikati: upande wa kwanza maneno, kisa na mafunzo, upande wa pili mwimbaji anapunguza maneno, magitaa yanashika uongozi, na wachezaji wanapata nafasi. Studio ililazimika kukata. Kwenye baa hakuna anayekata. Upande ule wa pili unaweza kuendelea dakika kumi, kumi na tano, mpaka mpiga solo aone jasho kwenye mashati ya wachezaji na ajue imetosha. Wanaosema siku hizi muziki wote uko kwenye simu hawajamsikia mpiga gitaa anayevuta upande wa pili kwa sababu ameona watu wanne kwenye kona bado hawajashiba. Simu haiwaoni.

Na ndiyo maana saa mbili hazitoshi.

Katika Afrika Mashariki, mahali ambapo muziki wa baa wa kila wiki umejengwa vizuri zaidi ni Dar es Salaam, na Kabati inaweza kujifunza huko. Mwaka 1978 wanamuziki wakiwamo Muhiddin Maalim na Abel Balthazar waliunda bendi ya kupiga katika baa ya Mlimani Park. Bendi za Wakamba zilijiita kwa jina la kijiji. Hii ilijiita kwa jina la baa: Mlimani Park Orchestra. Mwaka 1983 ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC, na watu wakaendelea kuijua kwa mtindo wake wa Sikinde. Wapinzani wao, Msondo, walianza mwaka 1964 kama bendi ya chama cha wafanyakazi, NUTA. Wanamuziki hao walikuwa waajiriwa: mshahara, vyombo vya bendi, ratiba. Wapenzi walijua usiku gani Sikinde iko wapi, kama wanavyojua siku ya gulio.

Ratiba hiyo ilileta kitu ambacho tamasha kubwa la mara moja kwa mwaka haliwezi kuleta. Wimbo mpya ulipigwa mbele ya watu wiki baada ya wiki kabla ya kupelekwa kurekodiwa Radio Tanzania. Kama ubeti haukuchezeka, mtunzi aliuona uwanja ukipungua, akarudi kuurekebisha. Nairobi nayo ilikuwa na mahali pake. Les Wanyika, waliojitenga na Simba Wanyika mwaka 1978, walipata jukwaa la kudumu Garden Square, katikati ya jiji, na hapo ndipo walipokomaa.

Kenya, hata hivyo, haikuwa na mazoea hayo ya mashirika ya umma kumiliki bendi. Mwanamuziki wa Machakos au Kitui aliishi kwa santuri na kiingilio. Santuri zilipokwisha, kaseti zikaja. Kaseti zikaibwa na wanakili wa barabarani. Leo kuna intaneti, ambayo huwalipa vizuri wachache. Majina makubwa ya benga ya Kikamba ya sasa, kama Ken wa Maria, Maima na Katombi, yanajaza viwanja na hayahitaji Jumapili ya Kabati. Wanaoihitaji ni wale wa chini yao: vijana watano au sita wenye magitaa mawili, besi, ngoma na ndoto, ambao wiki nne zinapita bila kazi.

Sasa hesabu, maana mapenzi ya muziki hayalipi stima. Chukua mfano wa kubuni. Bendi inataka shilingi 12,000 kwa Jumapili moja. Kama baa inapata faida ya shilingi 50 kwa kila chupa, lazima iuze chupa 240 zaidi ya zile ambazo ingeuza Jumapili ya kimya. Wakija watu 60 wapya, kila mmoja anapaswa kunywa chupa nne. Si rahisi, na si jambo la kumtakia jirani yako anayerudi nyumbani kwa bodaboda. Weka kiingilio cha shilingi 100: watu wale 60 wameleta 6,000 mlangoni, na chupa zinazohitajika zinashuka hadi 120, mbili kwa mtu. Kiingilio kidogo kinachokusanywa kwa uaminifu kinamfanya mwenye baa asitegemee ulevi wa wateja wake. Ndiyo maana jambo la kwanza la kutafuta, hata kabla ya spika, ni mtu wa mlangoni asiyeweza kuhongwa na shemeji yake.

Yuko na mwingine anayefaidika kimya kimya. Katika baa nyingi za Kenya, butchari iliyo ubavuni si ya mwenye baa. Ni ya mpangaji wake. Bendi ikipiga, mbuzi wa pili anachinjwa, makaa hayazimi, na kachumbari inakwisha saa kumi na mbili. Mwenye butchari hajachangia senti kwa bendi. Hapa mwenye baa anatakiwa akae naye Jumatatu, wakubaliane: ama mchango fulani kila wiki, ama chakula cha wanamuziki kiwe juu yake. Wanamuziki wanaopewa muthokoi na nyama kabla ya kupanda jukwaani hupiga tofauti na wale walioshindia chai. Mtu yeyote aliyewahi kusimama karibu na jukwaa analijua hilo.

Tena mapato ya Kitui yanafuata mvua. Mvua kubwa ya Ukambani ni ile ya Oktoba hadi Desemba, na mavuno yake huingia Januari na Februari, ndengu zikiwa mbele. Embe nazo zinaleta pesa mwanzoni mwa mwaka. Walimu na wafanyakazi wa serikali wanalipwa mwisho wa mwezi. Kwa hiyo Jumapili ya kwanza baada ya mshahara ni sherehe, na ya tatu ni ukame. Karo za shule zikifika, hata ile ya kwanza inayumba. Mwenye baa anayehesabu wiki moja moja atafuta muziki wiki ya tatu, na wateja watajifunza haraka kwamba Kabati haina uhakika. Hesabu sahihi ni ya mwezi: Jumapili mbili nzuri zibebe mbili mbovu. Zile mbovu zinaweza kufanywa nyepesi. Badala ya bendi nzima, mtu mmoja na gitaa lake na kinanda cha kumpigia mdundo, jinsi wapigaji wa mugithi walivyofanya kule Mlima Kenya na Nairobi kwa miaka mingi. Lililo muhimu ni kwamba siku haiachwi.

Kisha kuna pesa za tuzo. Mwambao watu wanajua kutunza: mama anainuka katikati ya taarabu, anacheza polepole hadi mbele, anaweka noti. Wajaluo wana pakruok, ambapo mtu anasimamisha muziki na kulipa ili ajisifu au asifiwe mbele ya watu. Wakamba nao hupenda jina litajwe ndani ya wimbo: mwenye lori, mwalimu mkuu, fundi wa magari, mgeni kutoka Mombasa. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, noti imekuwa ujumbe wa simu, na mwimbaji siku hizi anaweza kutaja namba yake kwenye maiki katikati ya ubeti. Vita vya ndani vya baa nyingi vinaanzia hapo. Mwenye baa anasema jukwaa ni langu. Bendi inasema jina ni langu. Busara ni kuliandika kabla ya wiki ya kwanza, kwenye karatasi, saini mbili: ada ya bendi ni hii, italipwa saa fulani hata kama mvua imenyesha, kiingilio kinagawanywa hivi, tuzo zote ni za bendi. Mwenye baa anayetaka sehemu ya tuzo anavuna shamba asilolilima.

Upande wa majirani ni mgumu zaidi.

Kanuni za kudhibiti kelele nchini Kenya, zilizotolewa mwaka 2009 chini ya sheria ya mazingira, zinaugawanya mchana na usiku saa mbili kamili ya usiku. Katika eneo la mchanganyiko wa makazi, biashara na kumbi za burudani, kiwango cha mchana ni desibeli 55. Usiku ni 35. Watu wawili wakizungumza kawaida mezani hufika karibu 60. Kwa maneno mengine, baada ya saa mbili usiku hata mabishano ya mpira yanaweza kuvunja kanuni, seuze ngoma ya besi. Mchana kiwango bado ni kidogo kwa bendi, lakini mwenye baa anayetafuta kibali ana cha kujadiliana na ofisi. Kwa Katiba ya 2010, leseni za pombe, burudani za umma na udhibiti wa kelele vyote viliwekwa katika kazi za kaunti, kwa hiyo mlango wa kubisha uko Kitui mjini. Asome leseni yake mwenyewe, kwa kuwa kaunti zina sheria zao juu ya ile ya taifa. Na apime hatua hadi shule iliyo karibu: sheria ya 2010 inataka umbali wa mita 300 kutoka shule za watoto.

Machi 2024, aliyekuwa Waziri wa Usalama wa Ndani Kithure Kindiki alipotangaza hatua 25 za kupambana na pombe haramu na dawa za kulevya, baa nchini zilikumbushwa tena saa zao. Wenye baa waliona ni adhabu. Wangekumbuka yaliyotokea miaka michache kabla. Amri ya kutotoka nje usiku ilianza tarehe 27 Machi 2020 kwa sababu ya korona na ikaondolewa tarehe 20 Oktoba 2021. Kwa karibu miezi kumi na tisa hakukuwa na kukesha kwenye burudani kisheria. Baa ziliporuhusiwa kufunguliwa, watu walijifunza kunywa na kucheza jua likiwaka, na kufika nyumbani na mapema. Wengi waligundua hawakupoteza chochote. Baada ya amri kuondolewa wakarudi kwenye saa tatu usiku, kwa mazoea tu.

Mchana una faida nyingine ambazo hazimo kwenye sheria yoyote. Matatu za kwenda Kitui, Migwani na Mwingi bado zinabeba abiria. Mama anaweza kuja na dada yake, akala, akacheza nyimbo mbili, akaondoka kabla ya giza bila mtu kumuuliza swali. Wazee wanaokumbuka Kilimambogo Brothers hawawezi kukesha, lakini saa tisa alasiri wako macho, na wana pesa ya mbuzi. Wateja wa namna hii hawaji usiku kamwe, na mwenye baa anayengoja usiku hajui hata kwamba anawakosa.

Ila Jumapili ni siku ya kanisa, na Ukambani kanisa si jambo dogo. Misheni ya Africa Inland ilianzia Nzaui, ambako leo ni Makueni, mwaka 1895, na kwa vizazi kadhaa wamisheni na wazee wao walipiga vita ngoma za kienyeji, hata kilumi, ile ngoma ya kina mama wazee ya kuomba mvua na tiba. Mabishano kati ya mimbari na ngoma yana zaidi ya miaka mia. Cha kufurahisha ni kwamba gitaa lilishinda pande zote mbili. Nyimbo nyingi za injili za Kikamba zinapigwa kwa benga hiyo hiyo, solo nyembamba, besi inadunda, na wakati mwingine kijana anayepiga ibadani asubuhi ndiye yule anayeonekana alasiri mahali pengine. Mchungaji analijua. Basi mwenye baa aende kumwona kabla hajasikia malalamiko, amwambie: hatutaanza kabla ya saa nane, spika zitaelekezwa upande wa barabara, na siku ya kwaya au harambee tutaanza saa kumi. Makubaliano ya namna hii hayaandikwi popote, lakini yanazuia barua nyingi kwa chifu.

Kuhusu spika, maneno machache. Baa ya mabati na saruji ni adui wa gitaa. Besi inagonga ukuta inarudi, mwimbaji haisikii sauti yake, anaomba iongezwe, fundi wa mitambo anaongeza, na ndani ya nusu saa kila mtu anapiga kelele kumzidi mwenzake. Mchana wa Kitui, chini ya mabati, pia ni joto la kuchemsha soda. Nje, chini ya mwembe au turubai, sauti inasambaa, spika mbili zinatosha, na hakuna haja ya mitambo ya kukodi kutoka mjini. Pesa iliyookolewa iende kwenye jenereta ndogo, kwa sababu stima ya Jumapili haina imani.

Hakimiliki nayo imo, na mara nyingi inasahauliwa hadi siku ya msako. Bendi inapopumzika, dijei anacheza nyimbo zilizorekodiwa, na kwa sheria ya hakimiliki ya mwaka 2001 baa inayozicheza hadharani inatakiwa kulipa. Kwa muda mrefu wakusanyaji wamekuwa MCSK kwa watunzi, KAMP kwa watayarishaji na PRISK kwa waimbaji na wapigaji, chini ya usimamizi wa bodi ya hakimiliki, KECOBO. Leseni za vyama hivi zimezua mivutano mara kwa mara, kwa hiyo kabla ya kumpa mtu yeyote mwenye fulana na risiti shilingi moja, mwenye baa aulize KECOBO ni nani ana leseni mwaka huu. Risiti aibandike ukutani, karibu na leseni ya pombe.

Swali la kumbukumbu pia ni la kila wiki. Tabu Osusa na Ketebul Music walifanya kazi kubwa ya kuwatafuta wazee wa benga nchini, na mwaka 2017 wakatoa kitabu kinene, "Shades of Benga". Wengi walipatikana wakiwa wazee, na wengine walikuwa wameshafariki na santuri zao kupotea. Jumapili ya Kabati ina simu hamsini zinazorekodi, na hakuna hata moja inayorekodi vizuri. Kijana mmoja wa sauti, akichomeka waya kutoka kwenye mikisa hadi kwenye kompyuta ndogo, angekuwa na Jumapili arobaini au hamsini kwa mwaka, nyimbo zikiwa bado mbichi, upande wa pili ukiwa mzima bila kukatwa. Rekodi ziwe za bendi, nalo hilo liandikwe kwenye ile karatasi yenye saini mbili.

Anayetaka kuanza asianze Desemba. Mwezi huo Nairobi na Mombasa zinarudi nyumbani, kila bendi imeshakodiwa harusini na kwenye sherehe za familia, bei zimepanda, na kelele za watu wengine zitafunika jina lake. Aanze Februari, ndengu zikiwa zimeuzwa na karo ya muhula wa kwanza imeshalipwa, bendi ikiwa haina kazi na iko tayari kukubali bei ya mwaka mzima. Ifikapo Juni atajua wateja wake kwa sura. Ifikapo Septemba ndipo afunge mkataba wa Jumapili zote za Desemba kwa bei ile ile ya Februari, kabla mtu wa harusi hajampigia simu kiongozi wa bendi.